Nyasi au Mkono

Kila mwaka, kwenye karamu ya klabu yetu ya kriketi hapa Marlhurst, nyama ikishaondolewa mezani na divai ikishazunguka mara mbili, lazima mtu atagonga glasi na kusema, "Thirlby, tupe ule udakaji wa mwaka thelathini na saba!" Nami husimama. Nimeusimulia mara thelathini na tisa. Nikishachangamka huinama kabisa, niwaonyeshe jinsi mkono ulivyokwenda chini. Na mara zote thelathini na tisa mpira umeingia mkononi.

Haukuingia mkononi. Uligusa nyasi kwanza. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akanipenda katikati ya hadithi, halafu mwishoni akaona nimemtapeli.

Siku zile, miaka ya elfu moja mia nane na thelathini, wacheza kriketi walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na sisi, wenye mashamba na watoto wa wenye mashamba, tuliocheza kwa kupenda tu. Na kulikuwa na wao, wahunzi, wachunga kondoo na watunza bustani, waliocheza kwa ujira. Sisi tulijiita Waungwana, na hakuna aliyecheka. Kwenye karatasi ya mchezo tuliandikwa Bwana Fulani na Bwana Fulani, wao waliandikwa jina la ukoo peke yake, kama farasi. Tuliingia uwanjani kwa lango la upande wa nyumba, wao kwa lango la kondoo. Mchana sisi tulikula nyama baridi na matunda ya cheri ndani ya hema, wao walikula mkate, jibini na vitunguu nyuma ya mkokoteni.

Na kila mwaka walitufunga. Tena walitufunga kwa adabu, jambo lililouma zaidi. Noakes, mhunzi wa kijiji, alikuwa akirusha mpira unavunja vijiti vyako vyote vitatu, vile unavyovilinda nyuma yako na vikiguswa umetoka, halafu anavua kofia na kusema, "Samahani sana, bwana." Ungedhani amekukanyaga kanisani.

Mwaka ule Mchungaji Crale, nahodha wetu, alipata wazo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mimbari hata akiomba chumvi.

"Hawa jamaa wanatushinda kwa sababu vijiti wanavyovilinda ni vidogo mno," alisema, akijimiminia divai ya baba yangu.

"Si ni sawasawa na vyetu?" nikauliza.

"Ndiyo maana! Wao ni wazuri kuliko sisi, halafu vijiti viwe sawa? Haki iko wapi hapo, kijana?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Siku ya pili akaagiza vichongwe vijiti vikubwa kwa ajili ya upande wa wachezaji wa ujira: vinne badala ya vitatu, virefu zaidi kwa shibiri nzima, na mapana yake karibu maradufu. Sisi tungelinda vidogo, wao wangelinda vikubwa. Aliyepewa kazi ya kuvichonga alikuwa Jesse Wickenden, mtunza uwanja wetu, ambaye ndiye angekuwa mpigaji wao wa kwanza.

"Utavilinda kweli hivi, Wickenden?" baba alimtania alipovileta.

"Nitajaribu, bwana. Ila nimevinyoosha vizuri mno. Sasa naona nimejiponza mwenyewe."

Jesse alikuwa na miaka arubaini na sita. Alichunga kondoo wale wale waliokula nyasi za uwanja, akapita na fyekeo mahali walipoacha, akajaza kila shimo kwa mkono. Mimi alinifundisha kucheza tangu nikiwa na miaka sita. Baba hakuwa na muda na mimi. Alikuwa na mbwa wa kuwinda kumi na wanane na aliwajua wote kwa majina, lakini mimi aliponiona kwenye ngazi nilikuwa naona kabisa anajaribu kukumbuka ninasoma darasa gani. Kwa hiyo kiangazi chote nilishinda na Jesse. Alinirushia mpira chini chini, nidake karibu na ardhi, na kila nilipoudaka penye mashaka aliuliza swali moja tu.

"Nyasi au mkono, bwana mdogo?"

Mpira ukidakwa kabla haujagusa nyasi, mpigaji ametoka. Ukigusa nyasi, hajatoka. Yeye akiwa mbali hakuweza kuona, na hakuja kutazama. Alisimama pale pale akangoja niseme. Mara ya kwanza kabisa nilisema mkono na haikuwa mkono. Hakunigombeza. Aliokota mpira, akaufuta kwenye suruali yake, akauliza tena, "Nyasi au mkono?" Nikalia, nikasema nyasi. "Basi," akasema, "tumemaliza." Akanirushia mwingine. Toka siku ile sikumdanganya tena, na aliacha kunitazama usoni nilipojibu, kwa kuwa hakuwa na haja.

Nilipotimiza miaka ishirini na mmoja baba alimwambia aache kuniita bwana mdogo. Akaanza kuniita Bwana Ambrose. Sikulipenda hilo, lakini sikusema kitu. Utaona kwamba kutosema kitu ndicho kipaji changu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikitegemea mchezo wa siku ile. Jesse na mke wake Keziah walikaa kwenye kijumba cha baba kule bondeni kando ya kijito, nyumba inayotoa maji ukutani hata mwezi wa saba, katikati ya joto. Keziah alikuwa anakohoa mwaka wa tatu. Daktari alikuwa amesema wazi: hapo bondeni hatamaliza majira mengine mawili ya baridi, mpelekeni mahali pakavu. Baba alisema atafikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria sana mambo ya namna hiyo.

Ndipo Sir Gervase Tolland, rafiki wa baba kutoka upande wa pili wa vilima, akafungua uwanja wake mwenyewe. Alitafuta mtunza uwanja, na kazi ilikuja na nyumba: juu kilimani, matofali mapya, jiko linalovuta moshi vizuri, yake mpaka kufa. Alimwambia Jesse mbele yangu, asubuhi ya mchezo, huku akivaa glavu zake.

"Nimesikia sifa zako, Wickenden. Ila sitaki mzee aliyechoka. Vile vijiti vyako vikubwa, ukivilinda mpaka mchezo uishe bila kutolewa, nyumba utaipata. Kweli si kweli, Thirlby?"

"Kweli kabisa," baba akasema, na wote wawili wakacheka kwa namna wanavyocheka watu wanaochezea kitu kisicho chao.

Jesse hakucheka. Aliinama akasema, "Asante, Sir Gervase," kisha akanikonyeza mimi kidogo sana. Nilifurahi kwa ajili yake. Wallahi nilifurahi. Nilimwona Keziah ameletwa na mkokoteni wa Noakes, amekaa kwenye gunia karibu na lango la kondoo, shali mpaka puani katikati ya kiangazi, na nikampungia mkono.

Tulipiga sisi kwanza, tukapata mbio, yaani alama, themanini na moja. Mwandishi wa mchezo alizikata kwa kisu kwenye fimbo yake, mkato mmoja kwa kila mbio, na Mchungaji Crale akazihesabu kwa kidole mara mbili, hakuamini. Kisha wakaingia wao, na Jesse akasimama mbele ya vile vijiti vyake vinne virefu.

Sijui nieleze vipi jinsi alivyocheza. Magoti yalikuwa yamemwisha, alikimbia kwa kuchechemea, na nyuma yake vijiti vilikuwa vipana kiasi kwamba mpira wowote ulionyooka kidogo ulikuwa wake kuuzuia. Akauzuia. Mmoja baada ya mwingine. Wenzake walitoka huku na huku, vijiti vikubwa viliwaponza kweli, lakini yeye alibaki. Upande wetu tulianza kuoneana haya, maana hata kwa hila ile hatukumtoa.

Halafu mimi nikaangusha mpira. Ulikuja taratibu kabisa, ukaingia mikononi, ukatoka. Mpigaji alikuwa Jesse, alikuwa na mbio kumi tu. Nusu saa baadaye nikaangusha wa pili, uliopigwa na mwingine.

"Thirlby!" Mchungaji alinguruma. "Hiyo mikono umeazima? Irudishe kwa mwenyewe!"

Hema zima lilicheka. Nilitazama upande ule nikamwona baba. Yeye hakucheka. Alikuwa amegeuza kiti kidogo, akiongea na Sir Gervase, kama mtu ambaye kijana yule uwanjani hamhusu. Masikio yangu yaliwaka moto.

Ilipofika saa kumi na moja alasiri, wao walikuwa na mbio sabini na tano. Walihitaji saba tu washinde. Tisa walikuwa wametoka. Walibaki Jesse, mwenye mbio arubaini na moja, na Noakes mhunzi, ambaye alishika gongo lake la kupigia mpira kama nyundo.

"Bwana Ambrose," Noakes akaniambia kwa sauti ya chini alipopita, "kwa heshima zote, nikuletee kikapu?"

"Noakes, chunga mdomo," Jesse akasema.

"Nimesema kwa heshima zote, si umesikia?"

Mchungaji alinisogeza karibu, hatua nane tu kutoka kwa mpigaji. Nadhani alitaka kuniweka mahali ambapo sitakuwa na muda wa kufikiri. Mrushaji wetu akarusha. Mpira uliruka kidogo kuliko Jesse alivyotegemea, akausukuma, ukaja kwangu chini kabisa, upande wa kulia. Nikajirusha.

Uligusa nyasi upana wa kidole mbele ya vidole vyangu. Nilisikia kabisa ukidunda kutoka ardhini kuingia kiganjani, na majani mawili ya nyasi yakaingia nao. Nikabiringika. Nilipoinuka, mkono ulikuwa juu na mpira ndani yake. Sikuuinua kwa kusudi la kudanganya. Uliinuka wenyewe, ndivyo nilivyozoea. Laiti ningeushusha pale pale, hadithi yote ingekuwa imekwisha na Mchungaji angenitukana tena mpaka jioni.

Lakini walipiga kelele. Mchungaji alirusha kofia yake ndefu hewani. Watu wakanikimbilia, mtu akanipiga mgongoni. Na kule hemani baba alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama wima, anapiga makofi, mikono juu ya kichwa, na analitaja jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuwahi kuona baba akinipigia makofi.

Mwamuzi alikuwa Tapsell, mshona matandiko, mpangaji wa baba. Alikuja akifuta jasho.

"Mimi sikuona, mabwana. Mgongo wa Mchungaji ulinikinga."

"Mgongo wa Mchungaji ungekinga kanisa zima," alisema Noakes. "Lakini mimi nilikuwa ng'ambo hii na nimeona."

"Hukuulizwa," akajibu Tapsell, na alisema kweli. Desturi yetu ilikuwa hivi: mwamuzi asipoona, na mdakaji akiwa mchezaji wa ujira, mpigaji anaendelea. Mdakaji akiwa muungwana, anaombwa neno lake, na likishatoka limetoka. Hakuna wa kulipima. Muungwana haulizwi mara ya pili, wala haulizwi na mtu mwingine yeyote zaidi ya mwamuzi. Kila mtu pale uwanjani aliijua desturi hiyo, Jesse akiwa wa kwanza.

Tapsell alikuwa anakohoa kujiandaa kuniuliza. Jesse akamtangulia. Alikuwa ameweka gongo chini, ameliegemea kidogo kupumzisha goti. Hakuwa na hasira hata chembe. Aliniuliza kama tuko wawili tu nyuma ya zizi, kondoo wakila.

"Nyasi au mkono, bwana mdogo?"

Vichwa vyote viligeuka. Nadhani hata yeye alisikia alichokisema baada ya kukisema, maana alishtuka kidogo. Hakuwa ananipinga. Lilimtoka tu, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano.

"Ati nini?" Mchungaji akasema. "Wickenden, umesemaje wewe? Unamhoji Bwana Thirlby?"

Jesse alikuwa bado ananitazama, au tuseme hakuwa ananitazama. Alikuwa ametupa macho pembeni kwenye nyasi, kama alivyozoea, akingoja nijibu.

Yale majani mawili bado yalikuwa kiganjani. Nilifunga vidole.

"Mkono," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama. Haikuchukua muda. Kisha akavua kofia, kama wanavyofanya wote, akasema, "Umedaka vizuri, bwana," akalichukua gongo lake kwapani, akaanza kuchechemea kuelekea lango la kondoo. Keziah alikuwa amesimama pale, ameshika mti wa lango. Nilimwona Jesse akifika, akaokota lile gunia, akalikung'uta, akalikunja mara nne. Noakes alinitemea mate karibu na kiatu, si juu yake, karibu tu, naye akaondoka. Mimi nikabebwa mabegani mpaka hemani.

Jioni ile kabla jua halijazama tulikaa mezani watu ishirini. Walikunywa kwa afya yangu. Baba aliniweka mkono wake wa kulia, mahali ambapo sikuwahi kukaa. Na wakati wa jibini Sir Gervase akaegemea nyuma, akasema, "Nasikitika kuhusu mtu wako, Thirlby. Kutolewa ningemsamehe, maana alicheza vizuri kupita kiasi, nilikuwa nimeshaamua kumpa nyumba hata hivyo. Lakini mtu anayesimama mbele ya umati kumuuliza muungwana kama anasema kweli? Simtaki kwangu. Leo amemuuliza mwanao, kesho ataniuliza mimi."

"Sijui limempata nini," baba akasema. "Ataomba radhi, hilo nakuhakikishia."

Hebu fikiria basi. Nyumba ilikuwa imeshapatikana. Angetolewa kwa haki, angeipata. Kilichomponza si mpira, ni swali, na swali lilikuwa la kweli, na mwenye jibu alikuwa amekaa hapo hapo, umbali wa bakuli la cheri. Nilihitaji maneno matatu tu: uligusa nyasi, bwana. Niliyaandaa. Niliyaweka sawa mdomoni. Kisha baba akaweka mkono wake begani kwangu, ulikuwa mzito na wa moto, nikajikatia kipande kingine cha jibini.

Asubuhi, saa tatu, niliitwa chumba cha baba. Jesse alikuwa amesimama kwenye zulia, amevaa koti lake la kanisani. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili. Sikujua nitazame wapi. Nilitazama mabuti yake, yalikuwa yamepakwa rangi upya, na nyasi moja ilikuwa imenata kwenye kisigino.

"Haya," baba akasema.

"Naomba radhi, Bwana Ambrose," Jesse akasema. "Kwa kuuliza jana. Haikuwa nafasi yangu kuuliza."

Baba akanigeukia.

"Mjibu, Ambrose. Mtu amekuomba radhi."

Nikasema, "Nimekusamehe, Wickenden."

Nimefanya mabaya mengine maishani, si mengi, mimi ni mvivu hata wa mabaya. Lakini uongo wa uwanjani ningeweza kuuita haraka, au woga, au ujana. Huu wa pili sina cha kuuita. Nilimsamehe mtu niliyemdhulumu, na nilisema kwa sauti ya upole, na baba akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba nimefanya vizuri.

Nilimfuata. Nilimkuta uwanjani, anang'oa vile vijiti vikubwa, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yake. Nilikuwa natweta.

"Jesse. Ilikuwa nyasi."

"Najua, bwana. Nilikuwa hatua nane."

"Sasa kama ulijua, kwa nini uliuliza?"

Aling'oa kijiti cha pili, akakifuta udongo kwa kidole gumba.

"Sikuuliza ili nijue," akasema. "Niliona wote wanakupigia kelele, nikaona unapata tabu kusema. Nikadhani nikikuuliza mimi, itakuwa rahisi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye hakuonekana kutaka nipasukiwe na ardhi, alikuwa anatazama kule uani, ambako gari la Sir Gervase lilikuwa limesimama na watumishi wanapandisha sanduku.

"Farasi hawajafungwa bado," akasema. "Ukienda sasa hivi utamkuta. Mimi nyumba naweza kuishi bila hiyo. Ila Keziah, bwana. Si unamjua Keziah."

Nilimjua Keziah. Alinipakia asali kwenye mkate mpaka nikawa na miaka kumi na miwili.

Ilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka pale mpaka uani. Niliona mlango ukifunguliwa. Sir Gervase akatoka, baba nyuma yake, wanacheka. Baba aliniona, akanipungia mkono, mkono mzima, mbele ya watumishi wote.

"Nitamwandikia," nikasema. "Leo leo. Barua ni bora zaidi, nitaeleza vizuri."

Jesse alitazama gari mpaka likapinda kwenye miti.

"Sawa, bwana," akasema. Nikachukua kijiti kimoja kilichobaki ili nimsaidie. Akakipokea mkononi mwangu taratibu, akakiweka pamoja na vingine, akavifunga kwa kamba, akaenda zake.

Niliandika kweli. Niliandika kurasa tatu, na nilipozisoma niliona zimejaa "huenda", na "yawezekana", na "jua lilikuwa machoni". Neno nyasi halikuwemo. Nilizituma hivyo hivyo. Sir Gervase alijibu baada ya wiki kwamba barua yangu ilimgusa, kwamba ni muungwana wa kweli tu awezaye kujitilia mashaka ili kumkinga mtumishi, na kwamba nafasi imeshajazwa. Baba alilisoma jibu hilo kwa sauti wakati wa chai. Alijivuna juu yangu mwezi mzima.

Keziah alifariki mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kabla baridi haijaisha. Jesse aliacha kazi kwetu wiki hiyo hiyo, akaenda kufyatua matofali kwenye machimbo ya udongo kando ya mto, maili tisa kutoka hapa. Baba alishangaa. Alisema watu wa aina hiyo hawana shukrani.

Ilinichukua miaka miwili kupanda farasi kwenda huko. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeamua kwamba ataniuliza, lazima ataniuliza, na mimi nitajibu mbele ya wafyatuaji wote, kisha nitarudi nyumbani nijibu mbele ya baba, na mbele ya Crale, na kwenye gazeti wakitaka. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni kama nilivyokuwa nalo kwenye jibini.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye ubao, mikono imezama kwenye udongo mpaka viwiko. Aliponiona aliinuka kwa shida. Akafuta mikono kwenye suruali, kama alivyokuwa akiufuta mpira zamani, akavua kofia.

"Bwana Thirlby," akasema.

"Hujambo, Jesse."

"Sijambo, bwana. Baba hajambo?"

"Hajambo."

Akasimama pale, kofia mkononi, ametazama pembeni kwenye lile lundo la matofali mabichi. Nilingoja. Nilingoja mpaka farasi akaanza kukwaruza chini kwa kwato. Msimamizi alimwita. Jesse akasema, "Kwa ruhusa yako, bwana," akavaa kofia yake, akarudi kwenye ubao wake. Hakuniuliza kitu. Aliishi miaka kumi na saba zaidi, nikamtembelea mara nne, na hakuniuliza tena.